Jeli Ambayo Latif Hakupakwa

Rayhana na mdogo wake Latif walirithi nyumba ya baba yao kule Majengo, mjini Gisenyi. Latif alikaa vyumba vya mbele na mkewe Uwera, kwa sababu duka lake la ushonaji lilifungukia barabarani. Rayhana, aliyefiwa na mume bila kujaliwa mtoto, alikaa chumba cha uani. Katikati palikuwa na ua mdogo wa saruji, kamba ya nguo na bomba moja la maji. Kwa miaka mingi ua ule haukujua kimya. Uwera alipopika, sahani ya tatu ilikuwa ya Rayhana. Hakuna aliyemwita. Alisikia tu mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini, akatoka na kiti chake.

Kazi yake ilikuwa vidonda. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya kisukari, na siku nzima alishika miguu ya watu: miguu iliyokufa ganzi, iliyoungua kwenye mkaa bila mwenyewe kuhisi, iliyotobolewa na msumari ikaendelea kutembea nao. Aliisafisha, akaikata nyama iliyooza, akaifunga. Mingine ilipona. Mingine ilipelekwa hospitali kubwa, na mwenye mguu alirudi bila huo mguu.

Halafu ikaja jeli. Ilitoka ng'ambo, ikiwa ndani ya tyubu ndogo nyeupe zilizohifadhiwa kwenye friji, na ilipakwa juu ya kidonda kabla ya bandeji. Zilikuwa chache. Daktari wa wakati ule, Cyiza, mtu mpole aliyependwa na wagonjwa, hakutaka hata tyubu moja ipotee bure. Kwa hiyo alichagua. Aliwapa wale waliokuja mapema, wenye kidonda kibichi, wanaokaa karibu na wanaoweza kurudi kila asubuhi. Na karibu wote walipona. Habari ikaenea mpaka Rubona, mpaka Nyundo. Rayhana mwenyewe alikaa uani jioni moja, sahani ikiwa pajani, akamwambia Uwera, "Wifi, ile dawa ni muujiza. Mi sijaona kitu kama ile."

Cyiza alihamishwa. Nafasi yake ikachukuliwa na Daktari Laurence Mukandayisenga, mwanamke wa makamo aliyekulia Tanzania na kusema Kiswahili cha huko, kilichonyooka kiasi kwamba wagonjwa wa Gisenyi walikuwa wakimcheka kidogo nyuma ya mlango. Laurence alikuja na utafiti. Tangu sasa, alisema, hakuna daktari wala muuguzi atakayechagua nani apakwe jeli. Mgonjwa akikubali kuingia, muuguzi ataandika habari zake kwenye tableti, na kompyuta iliyoko Kigali itajibu: jeli, au kawaida. Wote watasafishwa, wote watapewa vidonge na bandeji na kiatu cha kupumzisha mguu. Tofauti itakuwa jeli tu. Na picha za vidonda zitaangaliwa na watu wa Kigali wasiojua nani alipakwa nini.

Wagonjwa wakaiita tombola, yaani bahati nasibu.

Rayhana hakuipenda. Alimfuata Laurence ofisini, akasimama mlangoni.

"Daktari, tunajua inaponya. Tumeona na macho yetu. Juu ya nini tuchezeshe watu tombola?"

Laurence alimvutia kiti. "Shangazi yangu analima viazi kule Nyundo," alisema. "Ana shamba la bondeni, udongo mweusi, na lingine juu kwenye mawe. Mtu akimletea mbolea mpya, naye akaimwaga bondeni peke yake, wakati wa kuvuna atasemaje?"

"Atasema mbolea iko muzuri."

"Na ni nzuri?"

Rayhana alifikiri. "Pengine ni udongo."

"Pengine ni udongo. Pengine ni mbolea. Hajui, na hatajua kamwe, kwa sababu alichagua. Cyiza, kwa moyo wake mwema, aliimwaga jeli bondeni."

"Basi tugawe kwa macho. Vidonda vibaya nusu huku, nusu huku. Wazee nusu kwa nusu."

"Tunaweza kugawa tunachokiona. Usichokiona je? Nani anakula vizuri. Nani ana mtu wa kumchemshia maji. Nani anakuambia amepumzisha mguu kumbe hajapumzisha. Jicho lako haliwezi kuyagawa hayo, wala langu. Lakini ukiwaachia watu wengi bahati, bahati itayatawanya yote pande mbili, hata yale tusiyoyajua majina. Ndipo upande mmoja ukipona zaidi, tutasema ni jeli." Akaongeza, "Bahati haina ndugu, Rayhana. Sisi tunao."

Rayhana alielewa. Akawa anawaeleza wagonjwa kwa habari ya mbolea na viazi, nao walielewa upesi, maana wengi walikuwa wakulima. Wengine walikataa kuingia, nao wakahudumiwa kama kawaida. Wengine walikubali. Miongoni mwao alikuwa Juvénal, fundi mstaafu wa injini za mashua kule Rubona, mtu wa vichekesho; bahati ikampa jeli. Na Drocella, mama mzee aliyeshuka peke yake kutoka milimani, asiye na mtoto wala jirani wa kumsindikiza, aliyelala kwenye benchi la kliniki kwa kusubiri gari. Naye bahati ikampa jeli. Rayhana alifurahi kwa ajili yake. Alijua kwamba Cyiza asingempa.

Kisha ukaja mguu wa Latif.

Alikuwa na kisukari tangu ujana na hakupenda kukizungumzia. Sindano ya cherehani ilikatika, kipande kikadondoka sakafuni, akakikanyaga, kikapenya ndala na kuingia kwenye unyayo wa mguu wa kulia. Hakuhisi kitu. Alishona nacho, akaswali nacho, akalala nacho, mpaka Uwera alipofua soksi na kuona usaha. Rayhana alipouinua mguu ule kwenye mwanga wa mlango, uso wake haukubadilika. Miaka ya kazi ilikuwa imeufundisha.

"Kesho asubuhi unakuja kliniki," alisema.

Laurence aliamua kwamba Rayhana asimguse. "Wewe ni dada yake. Si vizuri kwako wala kwake. Bizumuremyi atamhudumia." Bizumuremyi alikuwa muuguzi mwenzake, kijana makini wa Nyundo. Akamweleza Latif habari za utafiti, akamwambia ana haki ya kukataa. Latif alicheka, akasema atacheza tombola kama watu wote, tangu lini mtoto wa Majengo akaogopa bahati? Rayhana alikuwa chumba cha pili akikunja chachi. Mlango ulikuwa wazi. Alisikia vidole vya Bizumuremyi kwenye tableti.

Bizumuremyi akachungulia. "Dada, ni kawaida."

"Sawa," Rayhana alisema.

Latif alimtazama kutoka kwenye kitanda cha wagonjwa. Alikuwa na macho yale yale aliyokuwa nayo utotoni alipoanguka na kungoja kuona kama dada yake atakimbia. Rayhana alikuja akaishia mlangoni, chachi mkononi. Akamwambia maneno aliyowaambia wote: "Fuata masharti. Usiukanyagie. Wengi wanapona bila jeli." Akarudi kukunja chachi.

Tangu siku ile alijiwekea mpaka. Hakuuliza habari za mguu. Bandeji ilipobadilishwa, alitoka nje. Aliogopa kwamba akiutazama tu, mkono wake utafanya jambo. Ulikuwa msimu wa sare za shule, na kupitia ukuta alisikia cherehani ya Latif ikienda, mchana na jioni, ile ya kukanyaga kwa mguu. Alijua maana ya mlio ule. Alijiambia kuwa kumkataza ni kazi ya Bizumuremyi.

Asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mji mzima ulipokuwa umetoka kufagia mitaro na kuzibua mifereji, Uwera alibisha mlango wa chumba cha uani. Hakukaa.

"Wifi, mi nakuja kukuomba kitu moja. Ufunguo ya frigo iko na we."

"Iko na mimi."

"Tube moja. Moja tu. Mi nitamupaka mwenyewe hapa nyumbani, hakuna mutu atajua."

"Wifi, siwezi."

"Mguu inanuka, wifi. Inanuka mpaka ku mashuka. Na Juvénal wa Rubona nilimuona jana ku soko, anatembea, anacheka. Anasema ni ile jeli."

"Hakuna mutu anajua kama ni jeli. Ndiyo maana tunafanya hii kazi. Ili tujue."

"We ulijua!" Uwera alinyoosha kidole uani. "Ulikaa pale, ulisema ni muujiza. Donc, kumbe ulinidanganya?"

"Sikudanganya. Niliamini."

"Na sasa hauamini tena?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba bado aliamini kidogo. Mambo ya udongo na mbolea aliyaelewa kwa kichwa, lakini moyoni aliona bado miguu ile ya wakati wa Cyiza, ikifunga vizuri, nyekundu na safi.

"Kama ingekuwa mutoto wako, ungemupa," Uwera alisema.

Maneno yalipomtoka, alijua yalikogonga. Aliziba mdomo kwa kitambaa chake. Lakini hakuyarudisha, na Rayhana hakumsaidia kuyarudisha. Uwera alivuka ua, akaufunga mlango wake.

Mchana ule Rayhana alikwenda kliniki. Palikuwa na mlinzi tu, aliyemsalimia bila kuuliza. Alifungua chumba cha dawa, akafungua friji. Tyubu zilikuwa zimelala kwa safu, nyeupe, kila moja na nambari yake. Alichukua moja. Ilikuwa baridi kwenye kiganja. Ingetosha kwenye mfuko wa koti na isingeonekana.

Alisimama hapo, mlango wa friji wazi, ubaridi ukimpiga tumboni. Alijaribu kumfikiria Latif, na akamfikiria. Lakini nyuma yake walikuja wengine. Bizumuremyi ana shangazi mwenye kisukari. Mlinzi ana jirani. Kila mwenye kufika kwenye ufunguo huu ana mtu wake, na kila mmoja angechukua moja tu. Jeli ingewafuata wenye watu: wenye mke wa kubisha mlango, wenye dada muuguzi, wenye kuchemshiwa maji na kupikiwa supu. Wangepona, kama wale wa Cyiza walivyopona, na Kigali ingeandika kuwa jeli inaponya, kumbe kilichowaponya ni kuwa na watu. Na Drocella, anayelala kwenye benchi, hakuna ambaye angemwibia tyubu. Bahati peke yake ndiyo iliyomwona Drocella.

Na mimi mwenyewe, aliwaza Rayhana, siku mguu wangu ukioza, nani ataniibia?

Aliirudisha tyubu kwenye safu, akafunga. Alipotoka alimpa mlinzi mkono, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na mlinzi akamtazama mpaka akapotea barabarani.

Mguu wa Latif haukupona. Vidole vikawa vyeusi, weusi ukapanda, na hospitali kubwa ikaukata chini ya goti. Rayhana alikwenda kumwona. Alikaa pembeni ya kitanda, Uwera upande wa pili, na Latif akageuza uso ukutani mpaka muda wa wageni ukaisha.

Jioni ya kwanza baada ya Latif kurudi nyumbani, Rayhana alisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini. Akatoka na kiti chake kwa mazoea. Palikuwa na sahani mbili. Uwera alikuwa ameinama, anapakua, hakuinua kichwa. Rayhana alisimama na kiti mkononi, kisha akajifanya amekuja kuanua nguo. Kamba ilikuwa tupu. Akarudi ndani.

Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Asubuhi walisalimiana bombani, "Umeamkaje," "Muzuri," kila mtu akachukua ndoo yake. Lakini hapo ndipo maneno yalipoishia. Nje, Majengo nzima ilijua. Kwenye harusi ya jirani, wanawake waliokaa mkeka mmoja naye walisogea kidogo, kwa adabu. Alisikia mmoja akisema kwa Kinyarwanda kwamba huyu ndiye aliyemnyima ndugu yake dawa na ufunguo ulikuwa wake. Alikunywa soda yake, akaondoka mapema.

Alijifunza kupika kidogo. Wali wa mtu mmoja ni mgumu kupika. Ama unaungua ama unabaki. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alizonunua zilimtosha mara mbili na za mara ya pili zilikuwa na ladha ya upweke wa kabati. Wakati mwingine alikula amesimama, na wakati mwingine hakula. Kwenye ukuta wa pamoja, pale iliposikika cherehani, sasa palisikika mkongojo: ukigonga, ukinyamaza, ukigonga.

Na kazini aliendelea kushika tableti. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kila mgonjwa mgeni alipopewa jeli, moyo wa Rayhana ulishtuka. Alipoandika jina la mtu na kungoja jibu, alijikuta akingoja jibu lingine, kuhusu mguu ambao ulikuwa umeshazikwa. Je, mimi ndiye niliyeukata? Hakuna aliyeweza kumwambia. Laurence mwenyewe hakujua. Hesabu zilikaa Kigali, na hazingefunguliwa mpaka mgonjwa wa mwisho amalize.

"Unataka kupumzika?" Laurence alimwuliza siku moja.

"Nikipumzika nitakaa wapi?" Rayhana alisema, akaichukua tableti.

Mwaka ukapinduka. Drocella hakuja siku yake, wala iliyofuata. Ikaja habari kuwa kidonda kilimshinda, jeli na yote, akafia kwake. Rayhana alipanda gari mpaka mlimani kwa maziko. Walikuwa watu wachache sana. Padri alimwuliza kama yeye ni ndugu, akasema ndiyo.

Hatimaye siku moja Laurence aliwakusanya wafanyakazi kwenye chumba cha kungojea. Alikuwa amevaa vizuri, lakini uso wake haukuwa wa sherehe.

"Jeli haisaidii," alisema. "Waliopakwa na wasiopakwa wamepona karibu sawasawa. Waliokatwa miguu, karibu sawasawa. Tumeangalia kila upande."

"Na wale wa Daktari Cyiza?" Bizumuremyi aliuliza. "Tuliwaona wakipona!"

"Walipona. Walikuwa watu wa kupona, kwa jeli au bila jeli. Naye Cyiza aliwachagua kwa sababu jicho lake zuri liliona hivyo. Sasa angalau watu hawatauza ng'ombe kutafuta tyubu hizi. Nguvu tutaipeleka kwenye viatu, na kwenye kuwatembelea watu majumbani."

Rayhana alitoka nyuma ya jengo, mahali pa kuanikia mashuka. Alikuwa ameingoja siku hii kama mtu anayengoja mzigo ushushwe kichwani. Mzigo ulikuwa umeshushwa, lakini shingo bado ilikuwa imepinda. Alitaka kumwambia mtu, na watu aliotaka kuwaambia walikuwa wawili tu.

Jioni hakungoja. Alivuka ua, akabisha mlango wa mbele. Uwera alifungua, akamkaribisha kwa mkono. Latif alikuwa kwenye kiti, mguu uliobaki umenyooshwa, suruali ya upande wa pili imekunjwa na kushonwa vizuri, kazi yake mwenyewe.

"Majibu ya Kigali imetoka," Rayhana alisema. "Jeli haisaidii. Waliopakwa na wasiopakwa ni sawa."

Nje pikipiki zilipita. Kisha Uwera akauliza, taratibu, "Ile siku nilikuja kwako. Ulijua?"

"Hapana. Sikujua."

"Ulidhani pengine inasaidia."

"Nilidhani pengine inasaidia."

"Na hukunipa."

"Sikukupa." Rayhana alikitazama kiganja chake. "Nilienda kliniki, wifi. Nilifungua frigo, nikaishika mukononi. Nikairudisha. Na kama leo majibu ingesema jeli inaponya, bado ningekuja hapa niseme nilirudisha. Hakuna mutu alijua kama inaponya. Hivyo tu. Na kama kila mutu angempa ndugu yake, hata leo hakuna mutu angejua."

Uwera alilia bila sauti, akijifuta kwa kiganja. "Mi naelewa," alisema. "Lakini siwezi kufurahi juu ya kuelewa."

Latif alikuwa akitazama sakafu. "Mi sikukasirika juu ya jeli," alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Nilikubali tombola mi mwenyewe. Bizumuremyi alinieleza muzuri. Jeli, hapana jeli, nilisema inshallah." Aliinua macho. "Dada, we ulisikia mashine yangu. Kila siku ulisikia nakanyaga na ule mguu. Watoto wa shule banangoja sare, na mi nakanyaga. Nilikuwa najiambia, sasa hivi dada atatoka kule nyuma anipigie kelele, avute mukanda wa mashine, anitukane mbele ya wateja kama zamani. Nilingoja. Hukuja. Ile siku ya tombola nilitaka dada, nikapata muuguzi mulangoni."

Rayhana alikaa chini, kwenye mkeka. Alitaka kusema kwamba aliogopa, kwamba walimwambia asimguse, kwamba alidhani haki ni kukaa mbali. Laurence alimkataza bandeji. Hakumkataza kupiga kelele. Tombola ilichukua kutoka mikononi mwake jambo moja tu, kuchagua jeli. Mengine yote yeye mwenyewe ndiye aliyeyaweka chini.

"Niliogopa kukuangalia," alisema hatimaye.

"Nilijua," Latif alisema. "Na mi niliogopa."

Walikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Uwera aliuliza kama atakunywa chai, akasema atakunywa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, kama zamani. Lakini hawakupata mengi ya kusema, na Rayhana aliporudi chumbani kwake, hakujua kama aliyoyabeba yamepungua au yamebadilika umbo tu.

Mambo hayakurudi yalivyokuwa. Siku nyingine sahani ilikuwepo, siku nyingine Uwera alichoka au alisahau, na Rayhana hakuuliza. Kliniki ilianza matembezi ya majumbani, na yeye ndiye aliyeomba kwenda milimani, kwa wale wasio na mtu wa kuwasindikiza. Alikaa nao kwenye vizingiti vyao zaidi ya muda aliopangiwa. Aliwapigia kelele wakikanyagia vidonda, mpaka wengine wakamlalamikia kwa Laurence.

Kabla ya mvua kubwa, Latif alipata nafasi ya kutengenezewa mguu wa bandia huko Kigali. Uwera alikwenda naye. Rayhana aliwasindikiza kituoni, akabeba begi, akamshika Latif kiwiko alipopanda gari. Latif alikaa dirishani, akasema kitu ambacho kioo kilikizuia. Gari likaondoka.

Nyumba ya mbele ikafungwa. Rayhana hakuwa amejua ua ule unaweza kuwa mkubwa hivyo. Alifua hata visivyo vichafu. Alifagia upande wao pia, akaangalia kama bomba linavuja. Jioni alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akisikiliza nyumba za wengine: redio, mtoto anayekataa kuoga, mtu anacheka.

Simu ililia siku alipokuwa anasafisha mchele.

"Dada."

"Naam, Latif."

"Nimesimama."

Aliweka ungo chini. "Inauma?"

"Inauma sana. Bon, nimesimama na nimetembea, nimeshika chuma pembeni. Uwera analia hapa, sijue juu ya nini."

"Usiukaze siku ya kwanza. Unasikia? Wakikuambia pumzika, pumzika. Mi nitakuja mpaka huko kukupiga."

Latif alicheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi, kikakatika. Nyuma yake palikuwa na sauti za watu wengi, chumba kikubwa chenye mwangwi.

"Na we uko na nani hapo?" aliuliza.

Rayhana alitazama ua. "Niko peke yangu."

"Pole, dada. Tutarudi Alhamisi, Mungu akipenda."

"Sawa. Alhamisi."

Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni kwa muda, kisha akauokota ungo, akaingia ndani kuwasha jiko.